Mintarafu ya Mchoro Mkononi mwa Binti Yangu

Tangu picha ile ilipoenea katika simu za jamaa wa Kigwena, sauti zimekuwa zikinijia moja baada ya nyingine, za shangazi, za mama mdogo, hata za jirani mmoja ambaye sikumbuki kuwa tulipata kuzungumza lolote ila bei ya mawese, na zote, ingawa zimetofautiana kwa ukali, zimeafikiana katika jambo moja: kwamba mimi, niliyelelewa kwa chuo na adabu katika mwambao wa Rumonge, nchini Burundi, nimemshika mkono binti yangu nikampeleka mwenyewe kwa Mzungu akamchore mwili. Siandiki kwa kutaka ugomvi na wakubwa wangu, ambao heshima yao ipo pale pale, bali kwa kuwa ujumbe wa sauti haumpi mtu wasaa wa kujibu, na jibu langu ni refu.

Kwanza, kilichoonekana katika picha ile hakikuwa tatuu. Kilikuwa nakala ya zambarau, ambayo mchoraji huihamisha kutoka katika karatasi na kuibandika juu ya ngozi kabla ya sindano kuguswa, ili mwenye mwili ajitazame katika kioo, aseme ipandishwe au ishushwe, na isipompendeza ioshwe kwa maji na sabuni. Ilioshwa siku ile ile. Leo, ninapoandika, kilichomo katika ngozi ya binti yangu ni nukta chache upande wa ndani wa mkono, ndogo kuliko mbegu za ufuta, na sababu ya nukta hizo nitaieleza mahali pake. Fauka ya hayo, binti amekwisha kupita miaka 18, na kwa sheria ya Ubelgiji, tunakoishi, ni mtu mzima anayeweza kwenda peke yake asiniarifu. Aliniarifu. Nilikuwa na hiari ya kufunga mlango wa chumba changu nikalia, au kwenda naye nikahakikisha kwamba hachorwi upuuzi, na ninataka mama yeyote anayenilaumu aniambie kwa uaminifu angeshika njia ipi.

Wala nisidhaniwe kuwa sijui neno la dini. Hadithi inayomlaani mwanamke mchoraji na mwanamke anayetaka kuchorwa imo katika Bukhari na Muslim, nimeisomea chuoni, na nilimsomea binti yangu tukiwa jikoni, naye akasikiliza hata mwisho. Lakini miongoni mwa walionitumia hadithi hiyo hiyo kwa herufi kubwa yumo ndugu yangu mmoja wa hapa Ubelgiji, ambaye nyusi zake zilitiwa wino kwa sindano katika saluni ya Matonge, huko Ixelles, na ambaye kila baada ya mwaka au zaidi kidogo hurudi kuziongezea rangi. Nyusi za namna hiyo ni tatuu, tena tatuu ya usoni. Wino hauulizi kama umetiwa kwa jina la urembo au kwa jina la ukaidi.

Sasa, ili jamaa wa nyumbani waelewe ni hali gani inayomzunguka msichana hapa, yafaa niwaeleze desturi moja ya nchi hii. Kwa miezi mingi watu wake hufunikwa makoti, kiasi cha kuweza kufanya kazi na mtu kuanzia Oktoba hata Aprili usijue kama ana viwiko. Kisha siku moja, aghalabu Jumapili ya mwezi wa Mei, jua hutoka, na katika soko la La Batte, linalopangwa kandokando ya mto Meuse hapa Liège, mji mzima huvua mikono ya nguo kwa pamoja, na wewe uliyekwenda kununua vitunguu hujikuta unasoma. Unasoma majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Unasoma methali za Kilatini zilizo begani mwa muuza jibini. Ajuza anayechagua karoti ana mbayuwayu wawili juu ya matiti, wamekunjamana pamoja naye, na hakuna anayegeuka kumtazama ila mimi.

Ninaye mwenzangu wa kazini, mwanamke mpole asiyepata kumnyanyulia mtu sauti, aliyechorwa juu ya mguu wa kulia uso wa marehemu mbwa wake, pamoja na ukosi wake na jina lake. Na mbwa wa pili alipokufa akachorwa juu ya mguu wa kushoto, hata mama huyu anapopanda ngazi mbwa hao hupishana. Mumewe yu hai, wala hakuchorwa popote. Basi mama huyu, mwenye mbwa wawili miguuni, aliziona siku moja chale zangu za utotoni, ambazo sina haja ya kumweleza msomaji wa Rumonge zilivyo wala zilichanjwa kwa nini, akanishika mkono kwa huruma na kuniuliza ni nani aliyenitenda vile. Nilimjibu kuwa ni bibi yangu aliyenipenda. Alitikisa kichwa kama anayesikia habari za vita.

Jingine linaloniudhi ni swali la wenyeji wa hapa kuhusu maana. Binti yangu alipokaa mbele ya mchoraji, kabla hajaulizwa ukubwa wala mahali, aliulizwa mchoro huo una maana gani kwake; na nimegundua kuwa hapa mtu hana ruhusa ya kuchorwa kwa ajili ya uzuri peke yake, lazima awe na msiba, au safari, au ugonjwa alioponea, na asiyekuwa navyo hutunga. Sisi bibi harusi hupakwa maua ya hina hata viwikoni, na sijapata kusikia mtu akimuuliza ua la tatu kutoka kidole gumba lamaanisha nini.

Hata hivyo nitawapa haki yao palipo na haki. Amri ya kifalme ya tarehe 25 Novemba 2005 imeiweka kazi hii chini ya wizara ya afya: mchoraji sharti apate kibali na mafunzo ya usafi, na mchorwaji sharti aelezwe hatari zake na kutia saini. Tulijaza karatasi kuhusu dawa, mzio, mimba na damu. Sindano ilifunguliwa mbele ya macho yetu. Na wino wenyewe unabanwa na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza tarehe 4 Januari 2022, ambayo iliwekea mipaka maelfu ya kemikali, na mwaka uliofuata ikaondoa rangi mbili zilizotegemewa mno, bluu 15:3 na kijani 7. Wanaonisuta kutoka nyumbani nawakumbusha wembe mmoja uliozunguka watoto wa ua mzima, tena bila karatasi, ilhali homa ya ini na Ukimwi hupita katika wembe wa namna ile.

Nije kwenye uchaguzi wenyewe, ambao ndio niliokwenda kuusaidia. Mitindo inayoonyeshwa katika vitabu vya wachoraji ina nasaba yake. Mawaridi, nanga na mbayuwayu wenye mistari minene ni urithi wa mabaharia na wa mashine ya umeme aliyoisajili Samuel O'Reilly mjini New York mwaka 1891, kwa kuigeuza kalamu ya umeme ya Edison. Kisha ipo mistari myembamba kama unywele, inayopendwa mno na wasichana wa leo, na michoro isiyo na mpaka, yenye rangi zinazochuruzika. Karibu yote hayo yamepangwa kwa kuitazama ngozi nyeupe. Mchoraji wetu, kijana mstaarabu, alianza kwa kumwonyesha binti yangu kipepeo wa waridi na manjano, na katika kitabu kile chote hapakuwa na mkono mmoja mweusi wa kumwonyesha kipepeo huyo atakavyokuwa.

Sindano hupeleka wino katika tabaka la chini la ngozi, kina cha milimita moja hadi mbili, na huko chembe za kinga za mwili huumeza zisiweze kuumaliza. Zikifa huuachia, na nyingine huja zikaumeza tena, jambo ambalo wataalamu wa Marseille walilithibitisha mwaka 2018 kwa kuchora mikia ya panya. Lakini weusi wetu umo katika tabaka la juu, yaani juu ya wino, na kila rangi iliyo chini yake hutazamwa kupitia weusi huo. Manjano na waridi katika ngozi ya binti yangu yangeonekana kama ndagala chini ya maji ya mlango wa mto siku ya mvua: wapo, lakini huwezi kuwahesabu. Wino mweusi husimama. Mistari iwe minene kiasi, na nafasi baina yake iwe pana, madhali wino hutambaa kwa miaka, na herufi ndogo za leo huwa doa kesho kutwa.

Mahali nako kuna hesabu yake kwa mwanamke. Vidoleni na viganjani mchoro hupauka upesi. Tumboni yafaa kungoja uzazi. Mbavuni ni maumivu matupu. Begani ndipo alipopataka yeye, na ndipo nakala ile ya zambarau ilipopigwa picha. Ila bega na kifua ni mahali panapopendwa na makovu ya kuota, yale yanayovimba kupita mpaka wa kidonda, ambayo watu wenye asili ya Afrika huyapata zaidi kuliko Wazungu, na katika ukoo wetu lipo sikio moja, sisemi la nani, lililotobolewa kwa ajili ya herini likaota donge kama kunde. Ndipo niliposema mchoro ushuke mkononi, penye hatari ndogo na panapofunikwa na nguo, na kwanza zitiwe nukta chache, tungoje miezi tuone kama ngozi yake itainuka. Hizo ndizo nukta zenyewe.

Shangazi amenishauri kwamba, kama mtoto ametaka urembo, si ningempaka piko tu? Shangazi yangu, hina ni majani na haina lawama, lakini piko ni rangi ya nywele, na ndani yake imo kemikali iitwayo PPD, ambayo sheria za Ulaya zinairuhusu nyweleni kwa kiasi kisichozidi asilimia 2 na kuikataza kabisa juu ya ngozi. Inaweza kuleta malengelenge yenye umbo la ua lile lile lililopakwa, na mtu akishapata mzio huo huwa nao maisha. Katika haya mawili, wino uliokaguliwa ndio unaonipa usingizi.

Kuhusu mchoro aliouchagua, sikumchagulia mimi. Tulikwenda katika jumba la makumbusho ya Afrika huko Tervuren, lile lililofunguliwa upya Desemba 2018, na huko akasimama mbele ya kazi za Watabwa, watu wa ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, upande wa Moba na Mpala, ambako bibi yake mzaa bibi alitoka kwa mtumbwi. Hazina ya jumba hilo inayo sanamu ya Lusinga, chifu wa Watabwa, iliyochongwa na chale zake mwilini, ambayo Luteni Mbelgiji Émile Storms, aliyejenga ngome ya Mpala mwaka 1883, aliitwaa baada ya watu wake kumuua Lusinga mwenyewe Desemba 1884. Na fuvu la Lusinga nalo lililetwa Ubelgiji. Sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani ya Meeûs, mjini Brussels, mwaka 2022 tu. Watabwa walipenda safu za pembetatu, ziitwazo balamwezi, zinazohusishwa na kuandama kwa mwezi mpya, nao walizichonga katika mbao, wakazisuka katika mikeka, wakazichanja katika ngozi. Hizo ndizo alizozichagua: weusi mtupu, nafasi pana, mistari iliyonyooka, vyote ngozi yake inavyovitaka. Na mchoraji alipouliza maana, alipata jibu refu kuliko alivyotarajia, hata mteja wa pili akachelewa.

Ningetaka kuendelea na habari za nembo za Wamakonde, ambazo zina uchaguzi wake, lakini ndugu yake wa kiume, mwenye miaka 14, amekuwa akisimama nyuma ya kiti changu tangu niandike neno la Tervuren, akidai kwamba kama dada anapewa ukoo wote wa mama, naye ana haki ya kuchorwa Gustave, yule mamba wa mto Ruzizi ambaye Mfaransa Patrice Faye alihangaika miaka kumnasa asimpate. Gustave anakadiriwa kuzidi mita 6, na mtoto huyu anamtaka kwa umbo la kutosha, kuanzia bega hata kisigino. Nimemwambia angoje miaka 18. Amejibu kwamba kwa miaka hiyo minne atakuwa amerefuka, hivyo Gustave naye atapata nafasi zaidi, na akaniomba nimshukuru kwa subira yake.

Kitinda mimba hangoji. Yeye hujichora kwa kalamu za rangi kila siku mikono yote miwili, na mwalimu wake ametuandikia barua ya adabu, akitaka kujua kama nyumbani tuna mazungumzo kuhusu mwili. Nikamjibu kuwa tunayo, tena hatuna mengine. Juzi alimchora dada yake pembetatu usingizini kwa kalamu isiyofutika, safu nzima, kwenye mkono usio na nukta, na lazima niseme kuwa nafasi baina yake zilikuwa sawasawa. Dada mtu alikwenda chuo kikuu nazo siku mbili. Wenzake walizisifu, wakamuuliza zina maana gani.

Huyu wa Gustave amekubali kumpunguza mkia. Meno hataki yaguswe, na amemwomba dada yake, siku atakayorudi kukaguliwa nukta zake, amuulizie mchoraji bei ya jino moja moja.