Fungate ya siku saba, safari ya miaka saba

Wiki jana dada mmoja wa Kisauni alinijia na jambo lake. Binti yake ameposwa na kijana wa Kisomali aliyekulia kambi ya Ifo na sasa ni raia wa Marekani. Kijana anataka waoane, wakale fungate Zanzibar, kisha "amchukue" mkewe. Mama mtu akaniuliza: "Huko kumchukua ndiko vipi, na huchukua muda gani?"

Nilimjibu kwa kisa ninachokijua, na leo nakieleza hapa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Mimi ni mzaliwa wa Barawa niliyelelewa Mombasa. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 tulikuja kwa jahazi tukiwa wadogo. Kambi za pwani kama Utange zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi ya watu wetu walipelekwa Dadaab na Kakuma, wengine wakapata nchi za ng'ambo, na sisi wengine tukabaki hapa hapa. Kwa kuwa Kisomali nakijua kama Kiswahili, baadaye nilipata kazi ya ukalimani Ifo, na huko nilikaa miaka kadhaa.

Ifo ndiyo kambi kongwe kuliko zote za Dadaab. Ilifunguliwa mwaka 1991, Hagadera na Dagahaley zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000. Kufikia ukame wa mwaka 2011, Dadaab nzima ilikuwa na zaidi ya 400,000. Aliyezaliwa humo si Mkenya, kwani sheria yetu ya uraia hutazama mzazi, haitazami mahali pa kuzaliwa. Na mkimbizi hatoki kambini kwenda hata Garissa mjini, mwendo wa kilomita kama mia moja, bila kibali cha safari.

Jirani yangu mmoja wa Ifo alikuwa na binti aliyezaliwa hapo mwaka 1994. Akiniita eeddo, yaani shangazi. Januari 2015 aliolewa na kijana waliyesoma naye shule ya msingi, ambaye familia yake ilipelekwa Minneapolis mwaka 2006. Kijana alikuwa keshapata uraia wa Marekani. Nikaha ilisomwa nyumbani kwa bibi harusi, mbuzi wakachinjwa, buraanbur ikapigwa mpaka usiku.

Sisi pwani tuna fungate ya siku saba. Wasomali nao wana zao saba, na siku ya kutoka ndani huiita toddoba bax. Kijana akasema mkewe hatazimalizia siku hizo kwenye hema. Akahangaika na kibali mpaka kikatoka, cha wiki mbili, wakapanda basi kupitia Hola, Garsen na Malindi. Walifikia kwa mamangu, Mombasa Mji wa Kale, nami nilikuwa likizoni.

Kwa binti yule, Mombasa ndiyo iliyokuwa nchi ya nje. Tulimtembeza Mama Ngina akala mihogo ya kukaanga, akaonja maji ya bahari akayatema, tukacheka. Lakini kilichomshika si bahari. Siku ya nne tulivuka Likoni kwa feri. Pale kivukoni alisimama, akatazama umati unaingia na kutoka, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Eeddo, hawa wote hakuna anayeulizwa karatasi?" Nikamwambia hapana, mtembea kwa miguu huvuka bure. Tulivuka mara tatu siku hiyo kwa sababu yeye alitaka.

Usiku ule mume na mke waliamua. Awali walikuwa na fikra kwamba kijana atakuwa akija kila mwaka, na mke abaki karibu na mamake. Baada ya Likoni, mke alisema hawezi tena kuzaa mtoto ambaye ataomba kibali ili aone bahari. Ifo wana neno la hamu ya kwenda ng'ambo, buufis, linalotokana na kupuliza kitu kikajaa hewa. Wengi hujazwa na picha za simu. Huyu alijazwa na feri.

Hapa ndipo swali la dada wa Kisauni linapojibiwa.

Jambo la kwanza ni tarehe ya ndoa. Mkimbizi aliyeoa kabla ya kuingia Marekani, na akamtaja mkewe kwenye faili lake, ana miaka miwili tangu kuingia kumwombea amfuate. Aliyeoa baadaye hana njia hiyo. Yeye humwombea mkewe kama mkaazi wa kudumu au kama raia. Mke wa raia hangoji zamu ya mgao wa viza wa kila mwaka, mke wa mkaazi hungoja. Ndiyo maana ni hatari kubwa kijana wa kambini kuficha ndoa yake ili faili lisicheleweshwe. Akishaandika kwamba hana mke, kesho atamleta vipi? Wako walioachana kwa kosa hili tu, na mapenzi yao yangaliko.

Jambo la pili ni cheti. Nikaha ikitimiza masharti ni ndoa mbele ya Mungu, wala hakuna ubishi. Lakini Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu ikiwemo, na wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Karatasi aliyoandika sheikh kwa mkono haitoshi ubalozini. Wala cheti kilichotolewa Somalia baada ya serikali kuanguka mwaka 1991 Marekani haikitambui. Wanandoa wetu walikuwa na karatasi ya mkono tu. Ofisi moja iliwarudishia maombi, na kupata cheti kilichosajiliwa kuliwala karibu mwaka mzima, kwa kuwa kila safari ya kutoka kambini ilitaka kibali kipya.

Jambo la tatu ni majina na tarehe za kuzaliwa. Kadi ya chakula iliandikwa Mohamed, cheti kikaandikwa Mohammed, na shuleni ni Maxamed. Kambini wengi wameandikwa kuzaliwa Januari mosi, kwa sababu aliyewasajili hakuambiwa siku. Kila tofauti ni swali kwenye mahojiano. Linganisha karatasi zote kabla hujapeleka hata moja.

Jambo la nne ni ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Hapa fungate iliwasaidia mno. Tikiti za basi, kibali chenye majina ya wote wawili, picha za Mama Ngina na za mamangu akimpaka hina bibi harusi, vyote viliwekwa kwenye faili. Kwa hiyo ukila fungate, popote iwapo, usitupe risiti.

Jambo la tano ni kipato. Marekani hutaka mume aoneshe anaweza kumtunza mkewe, asiwe chini ya asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini. Uingereza ni kali zaidi: tangu Aprili 2024 anayemleta mwenzake hutakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Muulize mchumba mapema, wala si utovu wa adabu.

Na la mwisho ni amri za wakubwa, ambazo hazina dawa. Miezi mitatu baada ya fungate ile, Aprili 2015, chuo kikuu cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakauawa, na serikali ikatangaza itaifunga Dadaab. Kambi haikufungwa, lakini vibali vikawa adimu. Mwaka 2017 Rais Trump akazuia Wasomali kuingia Marekani, na faili la wanandoa hawa likalala. Zuio liliondolewa Januari 2021. Binti akaitwa Nairobi, akapimwa afya, akahojiwa, na mwaka 2022 akapanda ndege. Siku saba za fungate, miaka saba ya kungoja.

Katika miaka hiyo hakukaa akihesabu siku. Alifundisha shule ya msingi Ifo kwa posho ndogo wanayopewa walimu wakimbizi, akamwuguza mamake mpaka akamzika. Naamini hilo ndilo lililomwokoa. Wenzake waliosimamisha maisha wakingoja simu ya mume, wako waliorukwa na akili.

Wiki aliyofika Minneapolis alinipigia simu ya video kutoka kituo cha basi. "Eeddo," akasema, "nimepanda basi nimeshuka, nimepanda jingine, hakuna aliyeniuliza karatasi." Hakunionesha jumba wala gari.

Mdogo wake naye ameolewa vivyo hivyo, na yungali Ifo. Juni 2025 Marekani iliirudisha Somalia kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa, na kijana wake sasa anafikiria ahamie Nairobi yeye, amfuate mke badala ya kumvuta.

Kwa dada yangu wa Kisauni: binti yako ana pasipoti ya Kenya, na zuio hutazama uraia wa anayeingia, si kabila la mume. Njia yake ni nyepesi kuliko ya yule wa Ifo, lakini bado si ya wiki wala mwezi. Wafunge ndoa, waisajili kwa Kadhi mara moja, wakale fungate yao Zanzibar kwa raha. Kisha mkalishe mkwe umwulize: zuio likija na kwenu, wewe uko tayari kurudi kuishi huku? Akisita, mwachie muda ajibu. Jibu hilo ulijue kabla ya mahari.