Chokaa ya Ubongo na Kinga ya Mwili: Ugonjwa wa Tegu katika Mbozi

Katika Wilaya ya Mbozi, jirani ya mji wa mpakani wa Tunduma, nguruwe hufugwa kwa wingi, na wengine huachwa wajitafutie chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wilaya hiyo ilipokuwa bado katika Mkoa wa Mbeya, ulionyesha kwa kipimo cha damu kwamba asilimia 16.7 ya waliopimwa walikuwa na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe mwilini.

Yafaa kutenganisha mambo mawili. Mtu alaye nyama isiyoiva yenye viluwiluwi hupata tegu wa tumboni. Lakini amezaye mayai ya tegu, yatokayo katika kinyesi cha binadamu na kuchafua mikono, maji au mboga, ndiye aingiwaye na viluwiluwi mwilini, pengine hata ubongoni. Kwa hiyo asiyeonja nguruwe maisha yake yote naye aweza kupatwa.

Kiluwiluwi kilicho hai huituliza kinga ya mwili, kikakaa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Kianzapo kufa, utulivu huo huvunjika: chembe nyeupe za damu hukizingira, ubongo wa karibu huvimba, na mara nyingi hapo ndipo kifafa huanza. Mwishowe mabaki hujaa chumvi za kalisi, yakawa punje ngumu mfano wa chokaa, ionekanayo nyeupe katika picha ya CT.

Punje hiyo ilidhaniwa kuwa kaburi tu la mdudu. Sasa yajulikana kwamba ubongo huweza kuvimba tena kandokando yake, na kifafa kikarudi. Maelezo yapewayo uzito ni kwamba mabaki yaliyofungwa ndani ya chokaa hufunuliwa kidogo kidogo, kinga ikayashambulia upya. Ndiyo maana dawa za kuua viluwiluwi hazimfai mwenye punje peke yake, kwani hapana mdudu wa kuuawa. Yeye huhitaji dawa za kifafa. Mwenye viluwiluwi hai akipewa dawa za kuviua, huongezewa na za kupunguza uvimbe.

Basi kifafa hiki hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa aliyeanguka, na kumwacha aungue motoni kwa hofu hiyo ni kumwonea bure. Kinachopita kwa watu ni mayai ya tegu. Na njia yake huzibwa kwa choo, sabuni, banda la nguruwe na nyama iliyoiva.