Kutoka Cobán hadi Loliondo: wafungwa wa ardhi na sauti za ugenini

Machi 24, 2022, Bernardo Caal Xol alitoka katika gereza la Cobán, Guatemala, alikokuwa tangu Januari 2018. Ni mwalimu wa shule, Mmaya wa jamii ya Q'eqchi'. Kwenye majalada ya mahakama alikuwa mhalifu wa kawaida: mwaka 2018 alihukumiwa miaka saba na miezi minne kwa madai ya kuwazuia wafanyakazi wa mkandarasi na kuwapora vifaa, katika tukio la Oktoba 2015.

Majirani zake wana maelezo mengine. Mto Cahabón, wanaoutegemea kwa maji, samaki na ibada, ulikuwa umezibwa kwa mabwawa ya umeme ya mradi wa Oxec, na Caal ndiye aliyepeleka shauri mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba wenyeji hawakushirikishwa kabla ya vibali kutolewa, ila ikaruhusu mitambo iendelee kufanya kazi. Agosti mwaka huo wanavijiji wakajipigia kura yao wenyewe. Zaidi ya watu 26,000 waliukataa mradi. Walioukubali walikuwa 11. Miezi mitano baadaye mwalimu akawa mahabusu.

Mashtaka ya aina hii hayatokei kwa bahati. Anayefungwa kwa maoni yake ya kisiasa hupata watetezi upesi, lakini mtu aliyeitwa mwizi hukimbiwa hata na ndugu. Ndiyo maana wanaotetea ardhi za asili, kuanzia Amerika ya Kusini hadi Asia, hushtakiwa kwa wizi, uchochezi, kuvamia mali ya mtu, au mauaji. Kesi yenyewe si lazima ishinde. Ikivutwa miaka mitatu tu, kiongozi yuko ndani, familia imeuza mifugo ili kumlipa wakili, na kijiji kimejifunza kunyamaza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya watetezi wa nje si kupiga kelele, ni kusoma jalada. Amnesty International ililichambua la Caal, ikaona hakuna ushahidi wa kumtia hatiani, na Julai 2020 ikamtangaza kuwa mfungwa wa dhamiri. Mwaka uliofuata jina lake likaingizwa katika kampeni ya kila mwaka ambapo watu wa nchi mbalimbali huwaandikia barua wafungwa, pamoja na mamlaka zinazowashikilia.

Utaratibu huo una historia ndefu. Shirika lenyewe lilianzia kwenye makala ya wakili Mwingereza Peter Benenson, iliyochapishwa gazetini Mei 1961. Mwaka 1973, Luiz Rossi, mhadhiri wa Brazil aliyekuwa mikononi mwa utawala wa kijeshi, alikuwa mtu wa kwanza kuombewa msaada wa dharura kwa barua. Baadaye alieleza kwamba kesi yake ilipojulikana nje, alitambua kuwa wasingeweza tena kumuua kimyakimya. Barua haimshawishi mkuu wa gereza kwamba mfungwa ana haki. Inamjulisha tu kwamba mfungwa huyo anahesabiwa, na kwamba akipotea kuna watakaouliza.

Wengine hufika wenyewe: Mei 2018 Guatemala ilitembelewa na Victoria Tauli-Corpuz, wakati huo mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili. Yeye mwenyewe ni wa jamii ya Kankanaey ya Ufilipino, na miezi michache kabla, serikali ya nchi yake ilikuwa imeliweka jina lake katika orodha ya watu iliotaka mahakama iwatangaze kuwa magaidi. Wakati anawauliza wengine kwa nini wamefungwa, yeye mwenyewe alikuwa na kesi nyumbani. Baadaye mahakama ililiondoa jina lake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, habari hizi hazina ugeni. Juni 2022, katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, Tanzania, vyombo vya ulinzi vilifika kuweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 ili zigeuzwe pori la akiba. Kwa Wamasai hayo yalikuwa malisho na visima vya maji, katika eneo walikobaki baada ya wenzao kuhamishwa kutoka Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950. Juni 10 yakatokea mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa, wanavijiji wengi wakajeruhiwa, na baadhi wakavuka mpaka kuingia Kenya kutafuta matibabu.

Watu 24, wakiwemo madiwani, walishtakiwa kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana nchini Tanzania. Kuna jambo moja katika kesi hiyo ambalo mtu hawezi kulipita hivi hivi: kwa mujibu wa mashirika ya haki za binadamu, viongozi kumi kati yao walikamatwa Juni 9, siku moja kabla ya askari huyo kufa.

Wamasai wa Kenya waliandamana jijini Nairobi hadi ubalozi wa Tanzania. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakatoa tamko katikati ya mwezi huo huo. Serikali kwa upande wake ilisema hakuna anayehamishwa kwa nguvu, kwamba mfumo wa ikolojia wa Serengeti unaelemewa na ongezeko la watu na mifugo, na kwamba wachochezi wanatoka nje. Hoja ya uhifadhi inastahili kujadiliwa kwa takwimu. Hii ya watu wa nje ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa sababu huwapata watetezi wa ardhi karibu kila mahali: kila sauti ya rafiki kutoka ng'ambo hugeuzwa kuwa ushahidi kwamba mfungwa anatumika. Ndivyo ilivyokuwa Loliondo pia: muda mfupi baada ya vurugu, lilifanyika zoezi la kusaka wahamiaji haramu.

Novemba 22, 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alieleza kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, na wote 24 wakaachiwa. Je, ni kelele za nje zilizowatoa? Ni vigumu kupima. Walikuwa na mawakili Arusha waliofika mahakamani kila kesi ilipotajwa na kuahirishwa, na bila hao, maandamano ya Nairobi yangebaki picha tu magazetini. Mshikamano wa kimataifa huzaa matunda pale unapomwimarisha wakili wa mahali na familia ya mfungwa. Ukiwasahau hao, unabaki kuwafariji wanaoutoa.

Mshikamano huo una mpaka mwingine pia, nao ni mkali zaidi. Ni rahisi kumtoa mtu kuliko kuirudisha ardhi. Caal yuko huru, lakini mabwawa ya Oxec bado yako mtoni. Wale 24 walirudi nyumbani wakakuta pori la akiba la Pololeti limekwisha kutangazwa, na ng'ombe wakiingia wanakamatwa na wenye mifugo wanatozwa faini.

Pengine ndiyo maana mwaka 2023 wawakilishi wa Wamasai waliosafiri hadi Ujerumani, Austria na Brussels hawakwenda kuomba huruma tu. Walikwenda kuzungumzia fedha, kwa kuwa Ujerumani na Umoja wa Ulaya ni wafadhili wakubwa wa uhifadhi Tanzania. Desemba mwaka huo Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu Wamasai, na mwaka 2024 Tanzania iliondolewa katika mpango wa ruzuku ya uhifadhi ambao mwanzoni ulizihusu Kenya na Tanzania kwa pamoja.

Vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash, vimeshika njia yao tangu 2017: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Septemba 2022, viongozi wakiwa bado mahabusu, vilishindwa kwa maelezo kwamba ushahidi haukutosha. Vikakata rufaa. Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya.