Chembe cha Dola 12 na Chembe cha Dola 35

Katika maduka ya wawindaji wa Marekani, chembe kimoja cha mshale, yaani kile kichwa bapa cha chuma kinachokaa mbele ya mti, kinaweza kukugharimu dola 12 au dola 35. Viweke viwili kando kwa kando: upana uleule, uzito uleule wa gramu nane hivi, na pakiti zote mbili zinaapa kwamba kilichomo ni kikali kama wembe. Dola 23 za tofauti si haba kwa kitu ambacho siku ya nuksi hujikita kwenye gogo au hupotelea majanini. Zinanunua nini hasa?

Tuanze na nishati. Chukua upinde wa jadi, usio na kapi wala kioo cha kulengea, wenye nguvu ya ratili 50, sawa na kuvuta kilo 23 hivi. Upinde huo hurusha mshale wa gramu 32 kwa kasi ya mita 55 kwa sekunde, ambayo ni nishati ya jouli 48. Bunduki ya .30-06, silaha ya kawaida kabisa ya kuwindia huko, hurusha risasi ya gramu 11.7 kwa mita 820 kwa sekunde: jouli 3,900 na ushee. Bunduki inauzidi mshale mara 80. Risasi hubomoa. Mshale hauna ubavu huo. Kazi yake ni moja tu, kukata mishipa, mapafu na moyo ili damu itoke haraka. Na mshipa ni kitu laini chenye utelezi. Makali butu huusukuma kando yakapita zake, na mnyama akakimbia kilomita na jeraha ambalo halimwui leo wala halimponyi kesho.

Kwa hiyo jouli zote 48 zinapitia kwenye ukingo mwembamba wa chuma, na ukingo huo ndio sehemu ya bei rahisi kuliko zote. Upinde wa jadi uliochongwa na fundi mzuri hufika dola mamia kadhaa, mara nyingine zaidi ya elfu. Kibali cha mgeni kuwinda wapiti, yule kulungu mkubwa, katika jimbo la Colorado kimepita dola 700. Vyembe sita vya dola 12 ni dola 72.

Turudi kwenye zile 23. Sehemu kubwa inanunua ugumu wa chuma. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Vyembe vya bei ya chini huwa katika arobaini na kitu hadi mwanzo wa hamsini. Vya bei ya juu hupanda hadi 55 na kuendelea. Chuma kigumu hakipindi upesi kikigonga mfupa, na makali yake hudumu. Lakini tupa ya kawaida ya fundi ina ugumu wa 65 hivi, na kadiri chembe kinavyoukaribia ugumu huo ndivyo tupa inavyoteleza juu yake bila kung'ata. Hapo tupa ya dola 15 haikufai tena. Unatafuta jiwe la almasi la dola 50, na wengi huongeza kifaa cha kushikia chembe ili pembe isiyumbe, dola nyingine 50. Chuma kigumu unakilipia mara mbili: kwa muuza vyembe, kisha kwa muuza mawe.

Tupige hesabu ya misimu mitano, kwa mwindaji mwenye mishale sita. Wa kwanza ananunua vyembe vya dola 12 na tupa: dola 87. Tukisema kila msimu anapoteza kimoja na kingine kinapinda, ni vyembe kumi kwa miaka mitano, dola 120. Jumla 207. Wa pili ananunua vya dola 35, jiwe na kifaa: dola 310. Vyake havipindi, ila kupotea vinapotea vilevile, kimoja kila msimu, dola 175. Jumla 485. Mmoja anatumia dola 41 kwa mwaka, mwenzake 97. Makali hayamo katika hesabu hii. Chembe cha dola 12 kilichonolewa vizuri hunyoa nywele za mkono sawasawa na cha dola 35. Tofauti iko katika yale yanayotokea baada ya kugonga mfupa. Kwa anayewinda kulungu wa mkia mweupe, mwenye mbavu nyembamba, kwa umbali usiozidi mita 18, sioni sababu ya kutoa zile 278 za ziada. Anayefuata wapiti dume wa kilo 300, mwenye mfupa wa bega mnene, ana hoja.

Yako matumizi ambayo bei ya pakiti haiyataji. Vyembe huuzwa kwa kipimo cha greni, na greni 15.4 ni gramu moja. Cha kawaida ni greni 125, lakini siku hizi mtindo ni kwenda 200, 250, hata 300. Mtindo huu umetiwa nguvu na Ed Ashby, Mmarekani aliyeanza majaribio ya mishale kwa wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980. Hitimisho lake linalonukuliwa kuliko yote ni kwamba mshale wote ukifika greni 650, gramu 42, uwezekano wa kuvunja mfupa mzito unapanda sana. Fizikia haimpingi. Upinde ule wa ratili 50 ukipewa mshale wa gramu 42, kasi inashuka hadi mita 49 hivi kwa sekunde. Nishati inabaki jouli 50, karibu ileile, ila uzito mara kasi, ambao ndio unaouendeleza mshale unapokutana na kizuizi, unapanda kwa asilimia 17.

Malipo yake yanaonekana kwenye shabaha. Katika mita 18, mshale wa gramu 32 unashuka sentimita 52 kutoka kwenye mstari ulioelekezwa. Ule mzito unashuka 66. Anayelenga kwa jicho tupu na mazoea ya mkono lazima ajifunze upya sentimita hizo 14. Kisha kuna mti wenyewe. Mshale ukiachiwa hujikunja, na uzito ukiongezwa mbele hujikunja zaidi, ukaenda upande. Dawa yake ni mti mgumu zaidi au mfupi zaidi, na dazeni moja ya miti ya kaboni ni dola 80 hadi 150. Mtu anaingia dukani kuongeza greni 100 mbele ya mshale, anatoka na dazeni mpya ya miti. Ni heri kuamua uzito kwanza, kabla ya kununua chochote, na kufanya mazoezi kwa ncha butu za uzito huohuo, ambazo huuzwa kama dola moja moja.

Idadi ya bapa nayo ina hesabu yake. Chembe cha bapa mbili chenye upana wa milimita 28 kinaacha mkato wa milimita 28. Cha bapa tatu, kila ubapa ukitoka milimita 14 kutoka katikati, kinaacha mkato wa 42: nusu zaidi. Damu zaidi, ndiyo, lakini na kazi ya kusukuma imeongezeka kwa nusu, wakati jouli ni zilezile. Upinde dhaifu unastahili bapa mbili, ndefu na nyembamba. Howard Hill, mpiga upinde aliyeonyesha Marekani nzima kwamba mshale unaweza kumwangusha tembo, alishikilia urefu uwe mara tatu ya upana. Sheria nazo zina kauli: Colorado haikubali chembe chenye upana chini ya milimita 22, kwa hiyo wembamba una mpaka wake.

Bapa tatu zina raha moja katika kunoa. Unakilaza chembe juu ya jiwe, kingo mbili zinagusa kwa pamoja, kila ubapa umelala kwa nyuzi 30, na huhitaji kifaa cha kushikia pembe. Ukishazungusha pande zote tatu, kila ukingo una nyuzi 60 kwa jumla. Hapo ndipo raha inapoishia, maana nyuzi 60 ni ukingo mnene. Bapa mbili zilizonolewa nyuzi 25 kila upande zina 50. Makali ya mshazari mmoja, upande mmoja nyuzi 25 na wa pili bapa tupu, yana 25 tu, nusu ya unene huo, na mshazari wake huukokota mshale uzunguke ndani ya mfupa na kuupasua. Ndiyo maana vyembe ghali vingi ni vya namna hii, na ndiyo maana vinahitaji chuma kigumu: ukingo mwembamba wa chuma laini hujikunja.

Katika bei ya kiwandani ya kila chembe kuna kodi ya serikali kuu ya Marekani, asilimia 11, kwa sheria ya mwaka 1937 iliyopanuliwa mwaka 1972 ili iguse na zana za upinde. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori.

Ubishi wa makali na ugumu ulikuwapo kabla ya kipimo cha Rockwell kuingia madukani. Saxton Pope, daktari wa San Francisco aliyejifunza upinde kwa Ishi, mtu wa kabila la Yahi aliyejitokeza katika mji wa Oroville mwaka 1911, alilinganisha chuma na obsidiani, lile jiwe la kioo cha volkano. Obsidiani ilipenya zaidi. Ni jiwe linalovunjika ukiliangusha, lakini ukingo wake ni mwembamba kuliko wa chuma. Mwaka 1925 Pope alifika Tanganyika na Arthur Young kuwinda simba kwa mishale, bunduki zikiwalinda nyuma.

Huko huko Tanganyika, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe walikuwa na jibu jingine, na bado wanalo. Vyembe vyao ni misumari iliyopondwa ikawa bapa. Vingine huvipata kwa wahunzi wa Kidatoga kwa kubadilishana na asali au nyama. Msumari wa inchi sita una uzito wa gramu 30 hivi, karibu sawa na mshale mzima wa Mmarekani wetu, na kwa bei ya chembe chake kimoja cha dola 12 unapata kilo kadhaa za misumari. Kwa wanyama wakubwa hupaka sumu inayotokana na waridi la jangwani na mimea mingine. Sumu ikishabeba kazi, makali yanabaki ya kufungua njia tu, na chembe huwekwa miba ya nyuma ili kisichomoke. Alaska miba hiyo ni marufuku, maana huko hakuna sumu na mshale usiotoka unamtesa mnyama bure. Lakini Wahadzabe wanavyo pia vyembe vipana visivyo na sumu, vyenye umbo la jani, na hivyo hunolewa kwa bidii kama kisu.

Kazi yenyewe ya kunoa, kwa tupa na chembe cha dola 12, ni dakika kumi. Paka ukingo wino wa kalamu nene kabla ya kuanza. Wino ukiondoka mpaka mwisho wa makali, pembe yako ni sahihi, ukibaki ukingoni unanoa bega la chuma bure. Sukuma tupa upande mmoja mpaka kidole kihisi ukingo umepindukia upande wa pili, urefu wote, bila kuruka mahali. Hiyo ndiyo hatua inayokatishwa kabla ya wakati, na vyembe vingi vinavyodaiwa kukataa makali viliachwa hapa. Kisha upande wa pili, kisha mapigo mepesi kwa zamu, mwisho ngozi ya mkanda wa zamani kuondoa mabaki. Kupima, nyoosha raba ya kufungia noti na uiguse kwa ukingo bila kusukuma. Ikikatika papo hapo, weka chembe podoni. Ikijikunja kwanza, rudi kwenye tupa.

Vyembe sita ni saa moja. Halafu mafuta kidogo, kwa sababu umande wa usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu kwenye ukingo mwembamba, na kila chembe kiwe na nafasi yake podoni, kwa kuwa chuma kikigonga chuma mwendo mzima saa ile moja inapotea kabla hujamwona mnyama.