Mikanda ya Kuinulia Mizigo Mizito: Namna ya Kuichagua na Kuitumia kwa Usalama



Kazi ya mkaguzi huanzia katika vitabu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda cha kuchambua pamba cha chama ambacho sitakitaja, nilikuta katika daftari ya ghala mstari mmoja: “Mkanda wa kuinulia, 1.” Haikuandikwa mkanda huo unabeba tani ngapi, umefumwa kwa nyuzi gani, wala ulianza kutumika lini. Nilihakiki bei na stakabadhi, nikaridhika, nikafungua ukurasa uliofuata. Kabla ya msimu kwisha, mkanda ule ulikatika wakati injini ya dizeli ilipokuwa inaondolewa kwenye msingi wake, na kibarua mmoja akavunjika mguu. Onyo lilikuwamo katika daftari ile, nami nililipita.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza viongozi, mafundi na watunza ghala wa vyama mambo wanayopaswa kuyajua juu ya mikanda hii, kabla ya kuinunua na kabla ya kuinua nayo mzigo wowote.

Aina za mikanda

Kwa miaka mingi tulizoea kuinua mizigo kwa kamba za katani, minyororo na kamba za waya. Siku hizi mikanda iliyofumwa kwa nyuzi za viwandani imeenea, kwa kuwa ni myepesi, haishiki kutu, wala haikwaruzi mashine. Mikanda hiyo ni ya aina kuu tatu, na kila aina ina adui yake.

Poliesta ndiyo inayofaa kazi nyingi. Hainyonyi maji mengi, hutanuka kidogo tu, na huvumilia asidi hafifu; lakini huharibiwa na kostiki soda na vitu vya namna hiyo. Nailoni ni kinyume chake: huvumilia kostiki soda, bali huliwa na asidi, ikiwamo asidi ya betri. Tena nailoni hutanuka zaidi, na ikilowa maji yaweza kupungukiwa na nguvu kwa asilimia 10 hadi 15. Polipropilini huvumilia asidi na kostiki soda pia, lakini haiwezi joto: mwisho wake ni digrii 80 za Selsiasi, wakati poliesta na nailoni hufika digrii 100. Kwa hiyo bomba la moshi la injini iliyozimwa sasa hivi si mahali pa kupitishia mkanda wa aina yoyote.

Kusoma lebo na rangi

Mkanda halali hushonewa lebo inayotaja mtengenezaji, aina ya nyuzi na uzito wa kazi, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kuinuliwa. Kwa kanuni za Ulaya, lebo ya buluu ni poliesta, ya kijani ni nailoni, na ya kahawia ni polipropilini.

Rangi ya mkanda wenyewe ni habari nyingine. Kwa kanuni hizo hizo, zambarau ni tani 1, kijani tani 2, manjano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5, kahawia tani 6, buluu tani 8, na rangi ya machungwa ni tani 10 na kuendelea. Lakini si watengenezaji wote duniani wanaozifuata rangi hizi, kwa hiyo rangi ikusaidie kukumbuka tu, na lebo ndiyo ikuamulie. Mkanda usio na lebo, au wenye lebo isiyosomeka, usiinue kitu.

Wako mafundi wanaosema kwamba mkanda wa tani 1 hubeba hata tani 5, nao wameshuhudia. Ni kweli kwamba mkanda mpya wa kanuni za Ulaya hutengenezwa usikatike mpaka uzidiwe mara 7. Lakini akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya uchakavu, mishtuko na makosa yasiyoonekana. Anayeitumia kwa kuinulia ametumia akiba ya chama bila idhini, na siku ya dharura atakuta sanduku tupu.

Namna ya kufunga na pembe

Uzito ulioandikwa ni wa mkanda unaoning’inia wima. Ukiufunga kwa kukaba, kama tanzi la mtego, nguvu yake hushuka hadi asilimia 80: mkanda wa tani 1 hubeba kilo 800 tu. Ukiupitisha chini ya mzigo kama mbeleko, na pande zake mbili zikapanda wima, hubeba mara mbili ya uzito ulioandikwa.

Hatari kubwa huingia pande mbili zinapoachana. Tuseme mzigo ni kilo 1,000, nao umening’inizwa kwa mikanda miwili kwenye kulabu moja. Mikanda ikiwa wima, kila mmoja hubeba kilo 500. Ikilala hadi pembe yake na usawa wa ardhi iwe digrii 60, kila mmoja huvutwa kwa kilo 577. Kwa digrii 45, kilo 707. Na kwa digrii 30, kila mmoja huvutwa kwa kilo 1,000. Mzigo haukuongezeka hata gramu moja, lakini mkanda umebebeshwa mara mbili. Chini ya digrii 30 usiinue kabisa. Dawa yake ni rahisi: tumia mikanda mirefu zaidi ili pembe isimame.

Ukingo mkali

Mkanda ule niliousimulia haukuzidiwa na uzito. Ulikatwa. Ulipitishwa juu ya ukingo wa chuma kilichobeba injini, na injini ilipoyumba kidogo, ukingo ule ukawa kisu. Mkanda uliokazwa kwa mzigo hukatika upesi sana, tena bila kutoa mlio wa kumwonya mtu.

Ukingo wowote ambao mviringo wake ni mdogo kuliko unene wa mkanda uhesabiwe kuwa ni mkali. Hapo pavishwe kinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande cha gunia au kitambaa kikuukuu si kinga, kwani hukatwa pamoja na mkanda.

Ukaguzi na utunzaji

Kabla ya kila kazi, mkanda utandazwe chini mahali penye mwanga na ukaguliwe pande zote mbili. Uondolewe kazini ukionekana na moja ya dalili hizi:

1. Lebo imepotea au haisomeki.
2. Umekatika popote, hasa kwenye pindo.
3. Mishono imefumuka.
4. Una sehemu ngumu zinazong’aa, maana hapo nyuzi zimeyeyushwa na joto.
5. Nyuzi zinapukutika kama unga, au mkanda umekakamaa na kupauka kwa jua.

Usifunge fundo ili kuufupisha mkanda, wala usiuvute kutoka chini ya mzigo ulioukalia. Inua kwanza sentimita chache, simama, tazama, ndipo uendelee. Mtu mmoja tu atoe ishara, na asiwepo mtu chini ya mzigo. Baada ya kazi mkanda utundikwe mahali pakavu, penye kivuli. Ukilowa, ukaushwe mbali na moto.

Wajibu wa Bodi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu kazini, na chama cha ushirika ni mwajiri kama waajiri wengine. Kwa hiyo kila Bodi ifungue ukurasa kwa kila mkanda: namba yake, aina ya nyuzi, uzito wa kazi, tarehe ya kununuliwa, tarehe za ukaguzi na jina la aliyekagua. Mkanda uliokataliwa ufutwe katika kumbukumbu za mali kwa idhini ya Bodi, kisha ukatwe vipande vipande mbele ya shahidi. Ukiachwa mzima pembeni mwa ghala, msimu ujao mtu mwenye haraka atauokota.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaokaa mezani na vitabu, huuona mzigo wa kibarua kuwa mwepesi, kwa kuwa hatusimami karibu nao. Siku hizi nikifika katika ghala la chama, huomba nionyeshwe mikanda yenyewe kabla sijafungua daftari. Naomba Bodi zenu zisinisubiri mimi.