Kampuni za Simu Zikiungana, Mteja Hupata Nini?

Mnamo Februari 2019 Airtel Kenya na Telkom Kenya zilitangaza kwamba zitaungana ili zipate nguvu ya kushindana na Safaricom. Wateja niliowasikia waligawanyika. Wengine walisema umoja ni nguvu: minara itaongezeka, netiweki haitasumbua, na Safaricom itashusha bei. Wengine wakasema la, kampuni kubwa tatu zikibaki mbili, bando za bei rahisi zitakwisha. Mpango huo ulivunjika Agosti 2020.

Mimi naegemea hao wa pili. Muuzaji hupunguza bei akijua mteja ana pengine pa kwenda. Tangu 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni na nambari yake ileile. Sasa haki hiyo itatufaa nini ikiwa hakuna pa kuhamia?