Rais na majaji wa Mahakama Kuu: ushauri usiomfunga

MWAKA 2012 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya kupinga ushindi wa Tundu Lissu (Chadema) katika jimbo la Singida Mashariki. Jaji aliyempa ushindi mpinzani huyo alikuwa, kama wenzake wote, mteule wa Rais. Miezi michache baadaye, Lissu huyo huyo alisimama bungeni kulalamikia namna majaji wanavyoteuliwa.

Hakuwa anajipinga. Ibara ya 109 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kushauriana, si kukubaliana. Na kwa ibara ya 37, Rais halazimiki kufuata ushauri. Isitoshe, wajumbe sita wa Tume hiyo, akiwamo Jaji Mkuu, Jaji Kiongozi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wote wameshika nafasi zao kwa uteuzi wa Rais, awe huyu au mtangulizi wake.

Akishaapishwa, jaji hang'oki kirahisi: sharti iundwe tume ya kumchunguza. Lakini hustaafu akiwa na miaka 60, na Rais ndiye awezaye kumwongezea muda au kumpandisha Mahakama ya Rufani. Hilo halizungumzwi sana, ingawa pengine lina uzito kuliko uteuzi wenyewe.

Kenya iliipa Tume yake nguvu zaidi katika Katiba ya 2010. Hata hivyo, mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aligoma kuwateua majaji sita waliopendekezwa. Waliapishwa Septemba 2022, baada ya William Ruto kuingia Ikulu.